Ai Mori alidhulumiwa Paris, au ufupi ndio mchezo wenyewe?

BiMwana_Likoni (Nairobi), 12 Mei 2025

Salaam jamani. Mie kazi yangu ni cherehani, nashona sare za shule, na kabla ya mwaka jana sikuwa najua kwamba watu hushindana kukwea kuta. Lakini ninamlea mtoto wa marehemu dada yangu, Zuhura, ana miaka 13, na mchezo huu umemshika kweli kweli. Kila Jumamosi nampeleka ukutani, nakaa kwenye benchi na mfuko wangu wa vifungo, nashona huku namtazama anavyoning'inia.

Msimu wote wa 2024 ameuandika kwenye daftari. Ulianza China mwezi wa nne, Keqiao kisha Wujiang, ukaenda Salt Lake City, Innsbruck, Chamonix, Briançon, katikati ikaja Olimpiki ya Paris, halafu Koper, Prague na Seoul. Kila mji una ukurasa wake. Picha za simu ananichorea kwa kalamu ya risasi, kwa sababu kuchapisha ni pesa.

Ukurasa wa Paris ndio ulioniletea shida. Fainali ya wanawake ilikuwa tarehe 10 Agosti pale Le Bourget. Ai Mori wa Japani, mwenye sentimita 154, alifika kwenye bolda ya kwanza, yaani ukuta mfupi wa kukwea bila kamba, na hakuweza hata kuanza. Kishikio cha kuanzia kilikuwa juu mno. Akaruka, akaruka tena, vidole havifiki, muda ukaisha. Sifuri. Zuhura ana sentimita 146. Alizima simu akaenda kulala bila kula.

Sasa wiki iliyopita mtu mmoja anayefundisha watoto hapo tunapokwenda amemwambia mbele ya wenzake: "Wewe mfupi, bolda si mchezo wako, nenda kwenye kasi," yaani mbio za kukwea ukuta. Tangu siku hiyo mtoto hazungumzi. Jumamosi hii alisema kichwa kinamuuma, nami najua hakikuwa kinamuuma.

Naomba mnaojua mniambie ukweli, msinifariji. Mori alidhulumiwa, au ndivyo mchezo ulivyo na mtoto wangu anapoteza wakati wake? Na hizo pointi zinahesabiwa vipi, maana mwenzenu nimeshindwa kabisa.

Mpagazi_wa_Marangu (Innsbruck), 12 Mei 2025

Shikamoo Bi Mwana. Mimi ni mtu wa Marangu, nilibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro miaka sita kabla ya kuja Austria. Sasa kazi yangu ni kupanga njia kwenye ukumbi wa kukwea, yaani mimi ndiye ninayepanda ngazi na drili, nafunga vishikio kwa boliti na kuamua wapi mkono uende na wapi mguu ukose pa kukanyaga. Sipangi mashindano ya dunia, hao ni wakubwa zangu. Lakini swali lako linahusu kazi ya mikono yangu, niruhusu nijibu kwa urefu.

Nianze na pointi, maana ukizielewa utaona jambo ambalo wengi waliopiga kelele mwaka jana hawakuliona.

Paris, bolda na kamba zilijumlishwa. Bolda ni kuta fupi zisizo na kamba, chini kuna magodoro. Fainali ilikuwa na bolda nne, kila moja ina pointi 25 ukifika kileleni. Njiani kuna vishikio viwili vyenye alama: ukikidhibiti cha kwanza unapata 5, cha pili 10. Kila ukianguka na kurudia unakatwa 0.1. Jumla ya bolda ni 100. Kwenye kamba, yaani ukuta mrefu unaoukwea ukiwa umefungwa kamba, nako ni 100, lakini huko wanahesabu kutoka juu kushuka. Vishikio kumi vya mwisho vina pointi 4 kila kimoja, kumi vya chini yake pointi 3, kisha 2, kisha 1. Ukishika kishikio na ukawa tayari unajitupa kuelekea kinachofuata, wanakuongezea 0.1.

Sasa mwambie Zuhura afungue ukurasa wake. Mori alipata 39.0 kwenye bolda na 96.1 kwenye kamba. Hiyo 96.1 maana yake alibakiza kishikio kimoja tu, na alikuwa anakiendea. Hakuna mwanamke mwingine aliyefika pale siku ile, hata Janja Garnbret aliyechukua dhahabu (yeye 84.1). Jumla ya Mori ni 135.1, nafasi ya nne. Jessica Pilz, wa hapa kwetu Austria, alichukua shaba kwa 147.4. Tofauti ni 12.3.

Tuseme Mori angeanza ile bolda ya kwanza akafika kishikio cha pili chenye alama. Pointi 10. Angefika 145.1, bado wa nne. Lakini angeimaliza, hata kwa jaribio la pili, ni 24.9, na jumla yake 160.0. Brooke Raboutou alipata fedha kwa 156.0. Kwa hiyo kilichokuwa pale juu, sentimita chache kutoka kwenye vidole vyake, kingeweza kuwa medali ya fedha.

Lakini kuna upande mwingine, nawe umesema usifarijiwe. Raboutou naye si mrefu, anamzidi Mori kwa sentimita chache tu. Bolda zake zilimpa 84.0. Ukimaliza bolda tatu kikamilifu ni 75, kwa hiyo hiyo 84.0 haipatikani bila kuvuna kitu kwenye zote nne, pamoja na ile ya kwanza. Alifika. Kwa hiyo siwezi kukuambia bolda ile ilikuwa haiwezekani kwa mtu mfupi. Ilihitaji mruko, na kuruka ni sehemu ya mchezo huu wa leo, tupende tusipende. Mori nguvu yake iko kwenye kamba, ndiyo iliyompa ubingwa wa dunia Bern mwaka 2023. Kwenye miruko huwa anapata taabu.

Hata hivyo mimi naona waliopanga walikosea, na nitakuambia kwa nini.

Jumanne iliyopita tulifunga bolda ya kuanza kwa kuruka. Mimi nina sentimita 178, niliikamata mara ya kwanza. Mwenzangu ana 158. Aliruka mara tisa. Kila akiruka vidole vinagusa ukingo wa chini wa kishikio, chaki inabaki pale mistari minne myeupe, mistari juu ya mistari, hadi ukingo wote ukawa mweupe. Mara ya tisa akakaa kwenye godoro akaniangalia bila kusema kitu. Tungeweza kusema aongeze nguvu ya miguu. Badala yake nilichukua kishikio cha mguu, kidogo kuliko kiberiti, nikakifunga kwa skrubu kwenye usawa wa goti. Akakanyaga, akajisukuma, jaribio la tatu akashika. Kisha akaanguka mara kumi na moja kwenye hatua ya nne, ambako mimi pia nilianguka. Hapo ndipo nilipotaka bolda iwe ngumu.

Mpangaji wa fainali ana mzigo mzito, simlaumu ovyo. Ana watu wanane, lazima awatenganishe. Wote wakifika kileleni ameharibu, asipofika hata mmoja ameharibu. Lakini ukimkwamisha mtu mlangoni hujapima ukweaji wake, umepima urefu wa mkono na mruko mmoja basi. Mori alikaa chini ya ukuta ule na ujuzi wake wote bila kupewa nafasi ya kuuonyesha. Hilo liliniuma, na linaniuma hadi leo.

Kuhusu Zuhura, miaka 13 bado anakua. Asianze kuning'inia kwa vidole na uzito kiunoni, mifupa ya vidole vyake haijakomaa. Ajifunze kuruka: achague kishikio kikubwa, aanze chini, kila wiki akisogeze mbali kidogo, atue vizuri kwa miguu miwili. Na aliyemwambia hivyo mbele ya wenzake amekosea. Mtoto hachaguliwi mchezo kwa kupimwa na ukuta kama gunia.

Mwl_Kiptum_PE (Eldoret), 13 Mei 2025

Bi Mwana, mimi nafundisha michezo shule ya upili. Nimesoma hiyo "nenda kwenye kasi" na nimeshangaa, kwa sababu kasi si kimbilio la walioshindwa kwingine. Ukuta wa kasi una mita 15, umeinama nyuzi 5 kukujia, na njia ni ile ile dunia nzima. Vishikio havibadiliki. Anayekwea Jakarta anakwea njia ile ile ya Paris. Kwa hiyo ni kazi ya kurudia kitu kimoja maelfu ya mara hadi mwili ukijue wenyewe, kama mkimbiaji wa viunzi.

Na haina huruma. Sam Watson, kijana wa Marekani, aliweka rekodi ya dunia mara mbili Wujiang mwezi wa nne, akafika 4.79. Paris akapoteza nusu fainali kwa Wu Peng wa China. Akarudi kugombea shaba akapanda kwa sekunde 4.74, rekodi mpya ya dunia. Dhahabu ikaenda kwa Veddriq Leonardo wa Indonesia kwa 4.75. Mwenye kasi kuliko wote duniani aliondoka na shaba. Ukitangulia mlio wa kuanza, umeshapoteza mbio hiyo, hakuna onyo. Mwezi huu wa Mei 2025 huko Bali Watson aliishusha hadi 4.64.

Zuhura akitaka kasi, aende kwa sababu anaipenda. Aleksandra Mirosław wa Poland alipanda kwa 6.06 Paris, na ile dhahabu yake ndiyo pekee nchi yake iliyopata katika Olimpiki ile nzima.

Asha_wa_Pretoria, 13 Mei 2025

Nasoma huku Afrika Kusini, na Desemba 2023 mashindano ya Afrika ya kufuzu Paris yalifanyika hapa hapa Pretoria. Nafasi zote zilichukuliwa na wenyeji. Joshua Bruyns na Aniya Holder kwenye kasi, Mel Janse van Rensburg na Lauren Mukheibir kwenye bolda na kamba. Nilifurahi na nilisikitika kwa pamoja, maana sisi tuna Mlima Kenya, tuna Hell's Gate, tuna Kilimanjaro wageni wanakuja kutoka kila pembe, na jina letu halikuwepo. Bi Mwana, tafadhali usimtoe huyo mtoto.

Habari moja ya kumpa: Los Angeles 2028 bolda na kamba zitatenganishwa, kila moja na medali zake. Mtu wa aina ya Mori atashindana kwenye kamba peke yake.

BiMwana_Likoni (Nairobi), 14 Mei 2025

Mwanangu wa Marangu, marahaba, Mungu akuzidishie. Mwalimu na Asha, asanteni sana. Jana usiku nilimsomea Zuhura yote, neno kwa neno. Nilipofika mahali pa hesabu akaniambia nisubiri, akachukua daftari akafanya mwenyewe. 135.1 jumlisha 24.9. Akaandika 160.0 kwa kalamu ya risasi pembeni ya jina la Mori, akaizungushia duara. Kisha akaniuliza kwa nini Mori hakulia pale pale. Sikuwa na jibu.

Hii habari ya kutenganisha sikuwa naijua, naye hakuijua. Amehesabu kwamba 2028 atakuwa na miaka 16.

Lakini mwanangu, aliloshika zaidi ni kile kishikio chako cha mguu. Ameuliza mara tatu kilikuwa kikubwa kiasi gani. Nikamletea kiberiti kutoka jikoni, akakishikilia ukutani kwa kidole kwenye usawa wa goti, akaweka ncha ya mguu juu yake, akanyoosha mikono. Nyumba yangu ni ya kupanga na rangi nimepiga Januari, sasa kuna alama ya soli pale karibu na mlango. Nimeiacha.

Na yule mtu wa maneno makali nitaongea naye Jumamosi, mimi na yeye, kando, watoto wasisikie.

Mashindano ya Innsbruck naona kwenye ratiba ni mwisho wa Juni. Ukienda kutazama, Zuhura anaomba umpigie picha za bolda za wanawake kabla hawajaanza, za pale chini pa kuanzia tu. Anasema kileleni ataona kwenye simu.

Mpagazi_wa_Marangu (Innsbruck), 14 Mei 2025

Nitaenda, Bi Mwana. Nitasimama na futi pembeni ya kila moja ili aone urefu kutoka kwenye godoro. Mwambie mwaka huu wa 2025 bolda za Kombe la Dunia zina kishikio kimoja tu chenye alama, kina pointi 10, kile cha 5 kimeondolewa. Aongeze mstari kwenye daftari.