Nguo za jirani wa juu huchuruzika kwenye roshani yangu

Swali: Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi ghorofa ya pili Upanga, Dar es Salaam. Kila Jumamosi mama wa ghorofa ya tatu huanika vitenge na mashuka bila kuyakamua vizuri, na maji huchuruzika juu ya nguo zangu zilizokaribia kukauka. Ni mtu mzima ambaye mimi humwamkia kila tunapopishana kwenye ngazi, hivyo sijui nianzie wapi. Je, nimwone mwenye nyumba?

Jibu la 1: Mwenye nyumba wa nini kwa suala la kamba ya nguo? Mpandie jioni, si asubuhi ile mikono yake ikiwa imejaa povu, umwamkie, mzungumze habari za watoto, kisha umwombe akuite kabla ya kuanika mashuka ili uwahi kuanua zako.

Jibu la 2: Ushauri huo ni mzuri. Hata hivyo, sisi wa Kariakoo tulihamishia kamba kwenye paa, kando ya matangi ya maji, ambako jua hukausha kitenge kabla ya adhuhuri, isipokuwa masika, kati ya Machi na Mei, ambapo kila mtu hurudi kwenye roshani yake. Ikiwa kila sehemu ya jengo lenu ina hati yake ya umiliki chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008, ruhusa ya kutumia paa iombwe kwa chama cha wamiliki.

Muuliza swali: Ahsanteni. Paa letu lina kufuli, na ufunguo anao mlinzi. Nitamuuliza leo, kisha nimpandie mama jioni.