Magoti ya Kukhu (Nyanya): mazungumzo ya familia kwenye simu

Wafula (Webuye): Mulembe nyote. Kukhu ameamka vibaya. Goti la kulia limefura, jana hata kanisani hakwenda. Nimemkanda kwa maji moto lakini wapi.

Senge (Shangazi) Beatrice (Nakuru): Pole yake jamani. Zile tembe za maumivu, diklofenaki, bado anameza?

Wafula: Kila siku, Senge. Ananunua tu dukani, hana karatasi ya daktari.

Senge Beatrice: Na presha yake ile! Hizo zinapandisha presha na kuumiza figo. Asinunue tena mpaka daktari amwone.

Naliaka (Ujerumani): Mulembe. Huku wazee wengine wenye magoti kama ya Kukhu hupewa mionzi, dozi ndogo. Si jambo geni. Röntgen aligundua eksirei 1895, na kufikia 1898 madaktari walikuwa wameshaandika kwamba inatuliza viungo.

Baba Sifa: Mionzi si ya kansa hiyo?

Naliaka: Mashine ni ile ile, Baba, kipimo ndicho tofauti. Mionzi hupimwa kwa grei: mwenye saratani anaweza kufikisha grei 60 na zaidi. Goti hupewa nusu grei hadi 1 kwa siku moja, mara 6 hivi kwa wiki 2 au 3. Unalala dakika chache, husikii kitu. Kazi yake ni kupoza uvimbe ndani ya kiungo. Gegedu lililolika, ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa, halioti tena, hilo tusijidanganye.

Wafula: Nimemsomea Kukhu. Alinyamaza sana. Halafu ameuliza, "Kwani mnanificha? Kuka, babu yenu, alipelekwa Nairobi kwa mionzi, akarudi kwa sanduku. Mimi nina kansa?"

Senge Beatrice: Uwii mama yangu! Wafula mpe simu, napiga sasa hivi.

Baba Sifa: Tungempigia kwanza. Na kosa ni langu pia, mimi ndiye nimetaja kansa.

Senge Beatrice: Nimeongea naye. Amelia kidogo. Nimemkumbusha daktari alivyomwonyesha picha, mifupa inasagana, basi, hakuna kansa. Ameniuliza mara tatu. Watoto wangu, neno mionzi katika boma hili lina kaburi lake. Tulitaje taratibu.

Naliaka: Nisameheni, Senge. Hilo la Kuka lilinitoka kabisa. Na wacha niseme yote, msidhani nimeleta muujiza. Uholanzi waliijaribu mionzi hii kwenye magoti, wakaijaribu na kwenye mikono: nusu ya wagonjwa wakalazwa chini ya mashine bila kupigwa mionzi, na wenyewe hawajui. Baada ya miezi 3 hapakuwa na tofauti ya maana. Juzi 2025 Wakorea wakatoa yao, wagonjwa 114 wa magoti. Kati ya waliopata grei 3, kama 70 kwa kila 100 walikuwa na nafuu baada ya miezi 4. Waliolazwa bure, 42.

Baba Sifa: Yaani 42 walipona kwa kulala tu?

Naliaka: Walipata nafuu, ndiyo. Maumivu ya goti hupanda na kushuka, na kushughulikiwa nako ni dawa. Ndiyo maana lazima wapime hivyo.

Baba Sifa: Na huko kwenu Nakuru, Bea?

Senge Beatrice: Mashine ya mionzi ipo, imeletewa wagonjwa wa saratani. Mimi siwezi kusimamisha mama yetu kwenye mstari huo kwa goti ambalo hata mazoezi hatujalijaribu. Aanze na fizio, tiba ya mazoezi. Misuli ya paja ikipata nguvu goti linabebwa. Na ile fimbo aliyoficha nyuma ya mlango itoke.

Naliaka: Naunga mkono. Fizio kwanza, tena kwa miezi, si siku mbili.

Baba Sifa: Nauli na pesa ya hospitali ni zangu. Alhamisi, Wafula.

Wafula: Sawa Baba. Kukhu anauliza kama huyo wa fizio ana mashine.

Senge Beatrice: Mwambie ni mikono tu, na kiti.

Wafula: Amesema basi ataenda. Fimbo ameitoa mwenyewe.