Ampu ya gitaa ya vali: nikiunga mrejesho hasi inapiga yowe

besi_nzito: Wakuu, naunda ampu ya vali mbili za nguvu EL34 pushi-puli (zinapokezana nusu za wimbi), kigawa fezi (hatua inayozipa mawimbi mawili yaliyo kinyume) ni vali ndogo ECC83. Nikiunga rezista ya mrejesho, kilo-omu 47 kutoka tepu (ncha ya kutokea ya transfoma ya spika) ya omu 16, inapiga yowe hata volyumu ikiwa sifuri. Nikiikata inatulia, ila besi inalegea. Nibadilishe rezista? Na mrejesho kiasi gani unatosha?

fundi_vali: Mkuu, rezista iache kwanza, hiyo ni fezi. Sehemu ya sauti ya spika inatakiwa irudi kinyume na inayoingia ili zipunguzane. Ikirudi upande uleule zinajumlishana, na ampu inaanza kulia yenyewe. Zima, chomoa plagi, mwaga chaji ya kapasita za filta kwa rezista, pima kwa mita mpaka volti ziishe. Kisha badilishanisha waya mbili za anodi za transfoma ya spika. Kama ni ultralinia (skrini za vali zimeungwa kwenye transfoma hiyohiyo), waya za skrini nazo zihame pamoja. Angalia pia kwamba ncha ya omu 0 imefungwa kwenye chasisi. Ikielea, mrejesho hauna maana.

Omu47: Na hiyo 47 usiisome peke yake, linganisha na rezista inayopokea kwenye kigawa fezi. Ampu ya Fender Bassman 5F6-A ina kilo-omu 27 za mrejesho juu ya kilo-omu 5 za kupokea, kwa hiyo inarudi kama asilimia 16 ya volti za tepu. Ukiweka 47 juu ya 5 ni kama 10, ukiweka 100 ni kama 5. Fender Deluxe Reverb AB763 ina omu 820 juu ya omu 47, nayo ni kama asilimia 5. Watu wanaichomoa ile 820 kwenye mchoro wa Fender na kuipachika juu ya kilo-omu 5: inarudi asilimia 86, hakuna transfoma ya gitaa itakayotulia hapo! Tepu nayo inahesabika: ukihama omu 16 kwenda 4, volti zinazorudi zinakuwa nusu.

besi_nzito: Nimebadilisha anodi, yowe limekwisha kabisa. Asanteni sana. Sasa nipimeje?

Omu47: Badala ya spika funga rezista ya omu 16, wati 100. Ingiza hezi 1000, ndogo, kabla sauti haijaanza kukwaruza. Soma volti za kutoka, zima, kata mrejesho, washa, soma tena bila kugusa ingizo. Ukipata 4 halafu 6.3, una mrejesho wa desibeli 4 hivi. Kwa gitaa nisingezidi sana 6, kwa sababu vali zikishafika kikomo mrejesho hauna cha kurekebisha tena, na sauti inavunjika ghafla. Ampu ya Vox AC30 haina mrejesho huo kabisa, ndiyo maana inavunjika taratibu.

fundi_vali: Ukiongeza kidhibiti cha presensi (kapasita ya maikrofaradi 0.1 na poti, yaani rezista ya kuzungusha, ya kilo-omu 5), kinatupa treble ya mrejesho kwenye chasisi, hivyo treble haipunguzwi tena. Ikilia poti ikiwa mwisho tu, sogeza waya wa mrejesho mbali na gridi (ncha za kuingizia) za ECC83.