Kuhesabu maneno vitabuni, ndo kupima ushawishi kweli?

mdadisi_wa_zamani:
Wakuu salaam. Nipo kwenye tasnifu yangu kuhusu mabadiliko ya utamaduni, msimamizi kaniambia nijaribu Ngram Viewer ya Google, ile unaandika neno inakuchorea grafu limetumika kiasi gani vitabuni mwaka hadi mwaka. Tangu jana silali. Nimeandika 1951, mstari umelala chini miaka yote halafu ukifika mwaka wenyewe unapanda wima kama mnazi, kisha unateremka. Swali langu, jina au wazo likitajwa sana ndo tuseme lina ushawishi? Wiki ijayo nawasilisha, nisaidieni jamani.

fundi_takwimu:
Mkuu umegusa penyewe. Walioanzisha hayo ni kina Jean-Baptiste Michel na Erez Lieberman Aiden pale Harvard, mwishoni mwa 2010, walichukua vitabu zaidi ya milioni 5 vilivyoskaniwa, kama asilimia 4 hivi ya vyote vilivyowahi kuchapwa. Huo mchezo wako wa miaka waliufanya pia: 1880 ilichukua miaka 32 kutajwa kwake kushuka hadi nusu ya kilele, 1973 ikachukua 10 tu, yaani yaliyopita tunayaacha haraka zaidi. Ila kilichonigusa mimi ni Marc Chagall, mchoraji Myahudi. Kwenye vitabu vya Kiingereza jina lake linazidi kupanda, kwenye vya Kijerumani wakati wa Wanazi linakaribia kufutika kabisa. Unaona kwa macho yako mtu ananyamazishwa.

Mama_Maktaba:
Sawa ila mwanangu usikimbilie. Pale kila kitabu kinahesabiwa mara moja, kilichosomwa na mamilioni na kilichooza stoo vyote sawa, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, walionyesha 2015 kwamba karne ya 20 ilivyosonga maandishi ya kisayansi yakajaa mle, kwa hiyo neno linaweza kupanda kwa sababu maprofesa wameandika sana wala sio watu wamebadilika. Halafu mashine inakosea kusoma, zamani Waingereza walikuwa na s ndefu inayofanana na f, best ikasomwa beft. Andika hilo beft uone linavyojaa kabla ya 1800 halafu linapotea. Hapo kilichobadilika ni herufi za chapa tu.

mswahili_wa_tanga:
Na Kiswahili mle hakimo kabisa! Kopasi yetu inayojulikana, yaani mkusanyiko wa maandishi ya kutafitia lugha, ile ya Chuo Kikuu cha Helsinki, ina maneno kama milioni 25, wenzetu wa Ngram walianza na bilioni 500. Marehemu bibi yangu hakuwahi kusoma kitabu ila alikuwa na sanduku la kanga, akikorofishana na jirani anakaa kitandani anazipekua moja moja anachagua maneno ya kutoka nayo, anaivaa anapita mlangoni kwa mwenzie taratibu, mtaa mzima umeshasoma na jioni jibu linarudi kwa kanga nyingine. Ule ndo ushawishi, sasa grafu gani itauonyesha? Zile kanga tumeshazigawana, hakuna aliyeandika popote zilisema nini, na inaniuma.

mdadisi_wa_zamani:
Asanteni sana wote. Mama, nimeandika beft sasa hivi, kweli kabisa, mstari unaporomoka kama ukuta. Kichwa cha tasnifu nabadilisha, napima kilichochapwa, neno ushawishi nalitoa. Ndugu wa Tanga, hizo kanga mlizogawana bado zipo kwa ndugu zako? Naomba nije inbox, hata kwa picha za simu tuanze kuyaandika hayo maneno.