Bia za mikoani kwa oda ya mtandaoni: zifikeje salama?

Wakuu, nataka kuagiza chupa 12 kutoka kiwanda kidogo cha mbali. Nizingatie nini zisivunjike wala kuharibika ladha?

Jibu: Kwanza leseni. Hakikisha muuzaji anaruhusiwa kutuma pombe hadi ulipo. Mzigo hupokelewa na mtu mzima mwenye kitambulisho, kwa hiyo toa anwani yenye mtu mchana. Asipokuwepo, boksi linarudi stoo, na stoo huwa na joto.

Jibu: Kama kuna makopo, chukua makopo. Ni mepesi na hayapitishi mwanga. Bia ya chupa ya kijani ikipigwa jua hunuka kicheche: mwanga huvunja uchungu wa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Ukilazimika chupa, kila moja ivikwe plastiki ya mapovu, zisimame wima, boksi ndani ya boksi. Boksi likitikiswa, kusisikike mgongano.

Jibu: Mnasahau tarehe ya kujazwa! IPA (bia yenye hopsi nyingi) ikipita miezi mitatu harufu ya hopsi imeshafifia. Stauti kali, bia nyeusi nzito, huvumilia. Omba itumwe Jumatatu, isilale gharani wikiendi. Ikifika, piga picha kabla ya kufungua. Bia isiyochujwa isimamishe kwenye friji siku nzima, hamira itulie chini.

Muuliza swali: Makopo basi. Asanteni.