MJADALA: Kiwanja chenye mijakaranda kiwe maegesho, au tuachiwe tupite?

Wadau, heshima kwenu. Nalileta hili kabla halijapita kimyakimya. Chuo chetu hapa Moshi (jina naliacha, wanaokijua wanakijua) kina mpango wa kutandaza pevingi kwenye kile kiwanja kati ya maktaba na kumbi za mihadhara, wapate nafasi ya magari 40. Mijakaranda sita itakatwa. Mwenye maoni ayapeleke kwa maandishi kabla ya Ijumaa. Mimi nasema hapana.

Hesabu kwanza. Gari likipaki linakula kama mita 2.5 kwa 5. Ukiongeza pa kuingilia na kugeuzia, inafika mita za mraba 25 hivi. Mara 40, hizo ni 1,000. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 ni 7,140. Kwa hiyo sehemu ya saba ya uwanja wa mpira wanapewa watu 40, na magari yenyewe yamelala tu pale tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Na tukishamaliza 40, mwakani zitatakiwa 60. Watu wakijua nafasi ipo, hata anayekaa Shanty Town, mwendo wa robo saa kwa mguu, atawasha gari.

Sasa jiwe. Wanaopita pale wanalijua, lile kubwa lililopakwa chokaa kando ya njia ya miguu. Nilipoingia mwaka wa kwanza lilikuwa ukingoni kabisa, na njia ilitosha watu watatu kwenda sambamba wakipiga stori. Ikaja IST moja, makalio juu ya njia. Jiwe likasogezwa kidogo. Muhula uliofuata ikaja Noah, likasogezwa tena. Leo limeegemea shina la mjakaranda wa tatu, nasi tunapita mmoja mmoja kama siafu. Alhamisi iliyopita mvua imekatika tu, nikamkuta dada mmoja amekwama: kushoto bampa, kulia mtaro umejaa maji mekundu. Akavua viatu, akaficha daftari ndani ya mtandio, akapita mtaroni. Hakuna kikao kilichoifunga njia ile, wala barua. Jiwe lilisogea tu.

Mtumishi, anatokea Himo:
Kijana, umeandika vizuri ila sisi umetusahau. Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, nina watoto wawili wa kuwashusha shuleni, na nyuma ya gari nina mabunda ya mitihani ya wanafunzi 300, mmojawapo huenda ni wewe. Hayo niyapandishe kwenye kifodi, nimebanwa mlangoni? Nikichelewa dakika tano, wa kwanza kulalamika nani? Ndani kukijaa napaki nje ya geti. Mwezi uliopita nimeng'olewa saiti mira zote mbili. Na hiyo iingize kwenye hesabu yako.

Bodaboda wa getini:
Penye gari moja zinakaa pikipiki tano. Sisi kijiwe chetu kiko juani mwaka wa nne huu na hakuna aliyetuitia mjadala. Endeleeni.

Mhitimu, sasa niko Arusha:
Ugomvi huu ni wa kale. Clark Kerr, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha California kuanzia 1958 hadi 1967, alikuwa na utani wake kwamba katika mambo matatu yanayomsumbua mkuu wa chuo, la wahadhiri ni maegesho. Na pale Berkeley, kampasi mojawapo ya chuo hicho, mhadhiri akishinda Tuzo ya Nobel anatengewa nafasi yake ya kupaki. Yaani wenzetu wanajua nafasi ya karibu na mlango ni mali. Kwetu anaichukua atakayewahi kuamka, bure. Mjini tunalipia kupaki, chuoni kuna nini? Wa mlangoni walipe, wa mbali wapaki bure, halafu tuone kama hizo 40 zitahitajika.

Mwanafunzi, mwaka wa pili:
Nyote mnazungumzia miguu. Mimi natumia kiti mwendo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike, na kweli maktaba ina mteremko, ila haipiti wiki bila gari kupaki mdomoni mwake. Wiki jana nimepandishwa ngazi na watu wanne kama jeneza. Pevingi sizichukii hata kidogo, ni nafuu kuliko hizo kokoto na mizizi mnayoitetea. Nataka nafasi mbili za karibu zenye alama, na mdomo wa mteremko ubaki wazi. Miti gombaneni nyinyi.

Mleta mada:
Dada, hapo umenibana. Kokoto sikuziwaza.

Mwalimu, shikamoo, na pole kwa saiti mira. Nyuma ya karakana kuna vyuma chakavu na lile basi bovu ambalo nimelikuta halina matairi na nitaliacha halina. Nimelipima eneo lile jioni hii kwa hatua: 50 kwa 40. Magari 40 yanaenea, ndani ya uzio. Kutoka pale hadi kumbi ni hatua 210. Pevingi za kiwanjani ziwe za njia, zipindepinde katikati ya miti, kiti mwendo kipite.

Mtumishi, anatokea Himo:
Hatua 210 na mabunda ya mitihani. Utanibebea wewe?

Mleta mada:
Siku ya mitihani shusha mlangoni, dakika tano, kisha ukapaki. Na ndiyo, nitabeba, almradi nisionyeshwe maswali.

Kesho saa moja asubuhi nakuja na futi kamba tupime vizuri kabla ya kuandika barua. Naomba na watu wawili wenye nguvu. Jiwe lile ni zito.