Tumechanga milioni 21 za kisima kijijini, tuanzie wapi kabla ya kuita mashine?

Mnyampaa_Halisi
Wakuu habari za saiv. Naomba mawazo ya wenye uzoefu. Sisi ni umoja wa watu wa kijiji kimoja huko Iramba, Singida, wengi tuko Dar na Mwanza, tumechangishana toka mwaka juzi kwenye grupu la WhatsApp mpaka tumefika milioni 21 na kitu, lengo ni kisima kirefu maana kina mama kule wanaamka saa tisa usiku kufuata maji kwenye makorongo. Kijiji kina watu kama 1,500. Mimi nimechaguliwa msimamizi wa mradi, na sio kwamba nina utaalamu, siku ya kikao nilichelewa kuingia nikakuta jina langu limeshapitishwa.

Sasa wajumbe wanataka mashine iende mwezi wa 11. Mweka hazina kapata ofa ya pampu ya sola Kariakoo, anasema tuichukue haraka kabla bei haijapanda. Nina kotesheni 3 za kuchimba, zote zimeandikwa "kisima mita 100" lakini zinapishana karibu milioni 6! Roho inasita. Nimeandika mpango kwenye Excel, kazi, tarehe, mhusika, hela, ila naona kama najaza tu vyumba ili vionekane vimejaa. Kwenye hatua hii ya kupanga kinatangulia nini? Natanguliza shukrani.

Kesingi_Nchi6
Mkuu pampu usinunue. Narudia, USINUNUE. Nimekaa na mashine za kuchimba miaka 9 na nimeona pampu za watu zinakaa stoo ya shule mpaka panya wanatafuna waya kwa sababu zilinunuliwa kabla kisima hakijajulikana kinatoa kiasi gani.

Anza na lile swali ambalo jibu likiwa baya mradi wote unalala: maji yapo? Huko kwenu chini ni mwamba wa graniti, maji yanakaa kwenye nyufa, unaweza kuchimba hapa ukapata vumbi ukasogea hatua mia ukapata maji. Kwa hiyo hela ya kwanza kutoka kwenye hizo milioni 21 ni ya wapimaji wa maji ya chini ya ardhi, waje na vifaa vyao wawape ripoti yenye pointi 2 au 3 na kina wanachokadiria kwa kila pointi. Ripoti hiyo ndo unampelekea kontrakta akupe bei. Hizo kotesheni ulizonazo ni za kubuni maana hakuna mtu aliyepima, hiyo mita 100 wameitoa wapi?

Na ukizisoma vizuri utakuta tofauti ya milioni 6 haiko kwenye kuchimba. Angalia kama kuna kesingi (bomba la kushikilia kuta za kisima) mpaka chini, changarawe ya kuizunguka, kusafisha kisima, na majaribio ya pampu ya masaa 24 mfululizo ambapo wanapima maji yanashuka mpaka wapi na yanarudi baada ya muda gani. Wa bei ya chini mara nyingi hajaweka kimojawapo, utakuja kukilipia baadae kwa jina la "kazi ya ziada". Halafu muulize kwa maandishi, kisima kikiwa kikavu nalipa nini? Hapo ndo utamjua kontrakta ni mtu wa aina gani.

Mwezi wa 11 sahau. Mvua za huko zinaanza Novemba mwishoni zinaenda mpaka Aprili, lile lori la mashine likizama kwenye tope ni nyie mtalivuta. Na kisima kikipimwa mwishoni mwa kiangazi ndo kinasema ukweli, masika kila kisima ni kizuri.

MzeeWaSaiti
Mnamtisha kijana bure. Kwetu tulichimba bila hayo maripoti, mzee mmoja alitembea na kijiti akasema hapa, na maji tunakunywa mpaka leo. Mipango mingi ndo inakula hela za wananchi.

Kesingi_Nchi6
Mzee wangu shikamoo. Hicho kimoja kilipatikana ndo kinachosimuliwa. Vile vikavu vilishafukiwa, hakuna anayevifungulia uzi.

dada_wa_maabara
Naongezea kitu ambacho hakuna kamati inakumbuka kukipangia bajeti, kupima ubora wa maji. Singida ni moja ya mikoa ambayo maji yake yana madini ya floridi kwa wingi pamoja na Arusha na Manyara, mmeona wenyewe meno ya kahawia. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Floridi haina rangi wala harufu, ukichemsha maji haiondoki ndo kwanza inazidi kukolea. Ipo namna ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kituo cha Ngurdoto kule Arusha wanafanya hiyo kazi, ila kwa kijiji kizima hiyo ni gharama nyingine na usimamizi mwingine kabisa.

Kwa hiyo kwenye huo mpango wako weka mahali pa kusimama: kisima kikishachimbwa na kujaribiwa, sampuli inaenda maabara, na HAKUNA kununua bomba, tenki wala kitu chochote mpaka majibu yarudi. Ikiwezekana hata kabla, pimeni visima vya vijiji jirani, mtapata picha.

Vibali pia. Bonde lenu la maji ni Bonde la Kati na ofisi ya bodi yake iko hapo hapo Singida mjini, kibali cha kuchimba na cha kutumia maji vinatoka kule, sheria ya rasilimali za maji ya 2009. Na kampuni iwe na leseni ya uchimbaji ya Wizara ya Maji, omba nakala usiishie kuambiwa ipo kwenye gari.

mama_Kilula
Mdogo wangu Mnyampaa, nimekuwa mhasibu wa chombo cha maji cha kijiji miaka minne ngoja nikupigie hesabu ambayo ingetakiwa iwe ukurasa wa kwanza wa hiyo Excel.

Sera ya Maji ya 2002 ilipotoka ilisema lita 25 kwa mtu kwa siku, kilula (bomba la kuchotea maji) kisizidi mita 400 toka nyumbani, na kilula kimoja watu 250. Watu wako 1,500, ni lita 37,500 kwa siku na vilula 6. Jua la kufanya kazi vizuri tuseme masaa 6, maana yake pampu itoe zaidi ya lita 6,000 kwa saa. Sasa kisima kikitoa 2,000 je? Ndo maana kaka hapo juu anakukataza pampu ya Kariakoo. Na vilula 6 ni mitaro, mabomba, mnara wa tenki. Milioni 21 haifiki huko, waambie wenzio mapema kabisa kwamba hii ni awamu ya kwanza, kilula kimoja au viwili karibu na kisima, kuliko waje Desemba na kamera wakute shimo lenye mfuniko.

La pili ardhi. Pointi ikiangukia shamba la mtu, ukarimu wake wa leo sio wa watoto wake kesho. Mkutano mkuu wa kijiji ukae, muhtasari uandikwe, mwenye shamba na mkewe wasaini, mtendaji agonge muhuri. Ndipo mashine iitwe. Nimeona kisima kimefungwa kufuli miezi mitano kisa urithi.

Na RUWASA wilayani muwaone kabla, sio siku ya uzinduzi. Toka 2019 huduma ya maji vijijini iko chini yao na mradi unatakiwa ukabidhiwe kwa chombo cha watumia maji. Muulizane nani atakaa kilulani, ndoo shilingi ngapi, na hela ya fundi pampu ikifa inatoka wapi. Nyie mko Dar, pampu ikifa saa nne asubuhi kina mama hawatasubiri muitishe kikao cha Zoom.

Mnyampaa_Halisi
Wakuu nimesoma yote mara mbili, nimepiga skrinshoti nikarusha kwenye grupu. Nimefuta tarehe zote za Novemba nikaweka tatu tu: kuonana na RUWASA na watu wa bonde, wapimaji, mkutano wa kijiji. Zingine nimeziacha wazi mpaka ripoti itoke. Mweka hazina ameniita mpinga maendeleo mbele ya watu 140, katibu kaweka emoji ya kucheka.

Kesingi_Nchi6
Poa sana. Ila hiyo pampu, hamjatoa chochote bado?

Mnyampaa_Halisi
Laki 5 ya kushikia mzigo. Ndo kwanza nimeambiwa leo.

mama_Kilula
Yesu wangu. Risiti ipo?